Mia moja ya Kondele: mahali pa kuangalia Severance na kubishana kuhusu mbuzi hadi saa nne usiku

Nianze na bei juu najua ndiyo mnatafuta. Kiingilio ni 100, mwanafunzi akionyesha kitambulisho cha shule ni 50, na hiyo mia inakupea kikombe kimoja cha chai ya maziwa, mandazi unajinunulia 10 moja. Ni Kondele, hapa Kisumu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la hadiwea, ngazi iko nyuma palipo na matangi ya maji, usipande ile ya mbele utajipata kwa saluni ya watu na wamama wamekukodolea macho na mafuta kichwani. Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Hakuna bango wala jina, wewe uliza tu kwa Fundi wa seriesi, hata watu wa boda wanapajua.

Mimi nilitoka Nakuru nikaja huku Kisumu kwa kazi, kazi ya kuingiza data kwa kompyuta kutoka asubuhi hadi jioni, na kule Section 58 nilikuwa naangalia hii seriesi ya Severance peke yangu kwa simu chini ya blanketi, kwa hivyo mtu aliponiambia eti kuna mahali watu wanalipa kuangalia episodi ambayo washaiona, nikajua ananichezea. Nimeenda mara 14 sasa. Episodi zote ni 19, hesabu mwenyewe.

Ukisikia "vidio" usifikirie zile tulikulia, za mieleka na muvi za kutafsiriwa na mtoto analia nyuma. Fundi mchana anatengeneza TV na wufa kwa kale kaduka kake, jioni anabeba projekta juu. Anaonyesha episodi moja tu. Moja. Dakika 45 hivi, ikizidi sana ni saa moja na robo, halafu anawasha taa na hapo ndipo pesa yako inaanza kufanya kazi, juu mnakaa kubishana hadi saa tatu, saa nne, mpaka mlinzi wa chini apige geti na rungu.

Kwa wale hawaijui, Severance ni ya Apple TV, ilianza Februari 2022 na episodi 9, halafu tukakaa karibu miaka 3 tukingoja kama watu wa pensheni hadi Januari 2025 ndio msimu wa pili ukatoka, episodi 10. Kuna kampuni inaitwa Lumon. Ukiandikwa kwa ile floo yao ya chini unapasuliwa kichwa, unawekewa kadude kwa ubongo, na kuanzia siku hiyo wewe ni watu wawili. Ukiingia lifti asubuhi yule wa nyumbani anazima, anaamka yule wa kazi, ambaye hata hajui kama ako na bibi, watoto ama deni. Jioni ni kinyume. Wa nyumbani hakumbuki kazi hata kidogo, na yule wa kazi hajawahi kuona jua, kwake lifti inafunga na kufunguka na tayari ni kesho ako kwa dawati. Wako na majina yao kwa Kizungu lakini kwa Fundi tunawaita wa Ndani na wa Nje, na hiyo imeshika mpaka mtu akifika amechoka haongei unasikia benchi la nyuma, "leo huyu ametuma wa Ndani."

Sheria ya pale ni moja na ndiyo inafanya nirudi. Onyesha kwa skrini. Ukiwa na nadharia yako, iwe ya rangi, ya namba, ya jina la mtu, lazima umwambie Fundi arudishe dakika gani, asimamishe picha, halafu wewe mwenyewe unatembea hadi mbele unachukua ufagio unaonyesha na ule mpini. Ukishindwa kuonyesha watu wote wanasema kwa pamoja "ya nyumbani!", maana yake hiyo umetoka nayo kwako, haiko kwa episodi, kaa chini unywe chai. Nimeona mtu mzima na tai akiambiwa ya nyumbani mara 3 mfululizo. Na ukisema kitu kinakuja episodi za mbele faini ni soda kwa benchi lako lote, mimi nilitoa soda 5 wiki yangu ya pili juu ya mdomo, siongezi.

Skrini yenyewe nitairudia kwenye malalamiko lakini mjue ni shuka. Shuka nyeupe mbili zimeshonwa pamoja, na ule mshono unapita katikati.

Sasa ile Jumamosi ya mbuzi. Hii ni episodi ya 5 ya msimu wa kwanza, ile Mark na Helly, wafanyakazi wawili wa ile floo ya chini, wanapotea kwa zile korido nyeupe za Lumon zisizo na alama hata moja, wanafungua mlango, wanapata mwanaume amevaa shati na tai ako kwa chumba cheupe ananyonyesha vitoto vya mbuzi na chupa. Wengi hivi. Yule jamaa anawafokea kwamba hawako tayari, bado wakati haujafika, hawawezi kuchukuliwa. Wao wanarudi nyuma wakifunga mlango. Basi. Hakuna maelezo, seriesi inaendelea kama hakuna kitu imefanyika, na kule mbele wanatuacha na hao mbuzi hadi msimu wa pili. Wazungu walipoona hiyo kwa mtandao walichanganyikiwa kabisa, mbuzi kwa ofisi! Lakini nyinyi fikirieni chumba kimejaa watu wa Kondele, Manyatta, Mamboleo na wengine wametoka mpaka Vihiga, waonyeshe mbuzi imewekwa chumba chake, inalishwa vizuri, na ako mtu anasema haijakuwa tayari. Hata kabla Fundi awashe taa Mzee mmoja benchi la mbele akasema kwa sauti ya chini tu, "hiyo ni ya kazi fulani." Chumba kikacheka lakini yeye hakucheka.

Huyu Mzee ndiye tunamuitanga Omwami, ni fundi wa nguo amestaafu, na hajui majina ya waigizaji hata mmoja, Mark anamuita "yule mwenye huzuni" na Milchick anamuita "meneja". Lakini anaangalia. Akaenda mbele na ufagio polepole, akamwambia Fundi rudisha pale wanatembea kabla ya mlango, rudisha tena nyuma, hadi ofisini kwao. Akagonga chini kwa picha. "Hii zulia ni rangi gani?" Kijani. Ofisi yote nyeupe, meza nne katikati, zulia kijani kama uwanja. "Mnyama umfungie ndani mwaka mzima, lazima umuonyeshe majani hata kama ni ya uongo. Hao mbuzi si wageni wa hawa watu. Hao mbuzi ni wao." Yaani kwamba wale wafanyakazi wenyewe ndio wanafugwa, na ile maneno ya hawako tayari inahusu Mark na wenzake kama vile inahusu wale watoto wa mbuzi, na mbuzi anayengojewa awe tayari mwisho wake tunaujua sote, ni kisu. Kafara. Hapo nilisikia baridi kwa mgongo, na mimi hiyo episodi nilikuwa nimeiona mara 3 nikiwa peke yangu na zulia sikuwahi kuliona. Zulia! Naingiza data kwa ofisi yenye zulia.

Sista akasimama. Ni nesi pale Russia (kwa wageni, hiyo ni hospitali ya Jaramogi, wazee waliipa hilo jina juu ilijengwa na msaada wa Warusi) na yeye hapendi mambo ya kafara hata kidogo. Kwake ni maabara. Hakuna mahali wanaweka kitu mpya kwa ubongo wa binadamu kabla hawajaweka kwa mnyama, na akatukumbusha Dolly, yule kondoo wa Scotland aliyezaliwa 1996 kutoka kwa seli ya kondoo mwingine mzima, kwamba watu wakitaka kuiga kiumbe walianzia zizini. Kwa hivyo Lumon wanatengeneza nakala, wanaanza na mbuzi. Kitu safi, imekaa vizuri, watu wanatikisa kichwa. Halafu mtu wa nyuma akauliza, onyesha sindano. Sista akaangalia picha imesimama pale, mbuzi, chupa ya maziwa, tai. Akamwambia Fundi songesha mbele kidogo. Hakuna sindano, hakuna daktari, hakuna hata glavu. "Ya nyumbani!" Alikasirika, akasema nyinyi ni wajinga, akakaa, lakini wiki iliyofuata alirudi na daftari.

Na huyu wa tatu ndiye nilipenda zaidi. Kuna madam alikuwa ameletwa na bwanake kwa nguvu, mwalimu wa CRE (dini ya Kikristo) sekondari, alikuja na karatasi za mtihani anasahihisha kwa magoti episodi nzima na kalamu nyekundu, hata nilikuwa nimeanza kumkasirikia. Akainua kichwa akasema, nyinyi mmesahau mbuzi walikuwa wawili. Mambo ya Walawi sura ya 16. Aroni anachukua mbuzi wawili, wanapigiwa kura, mmoja ni wa Bwana huyo anachinjwa, wa pili ni wa Azazeli, huyo hachinjwi, anawekwa mikono miwili juu ya kichwa, anatamkiwa makosa yote ya watu, halafu anafukuzwa jangwani ayabebe huko. Chumba kimya. Yule bwanake amefungua mdomo. Akaendelea kusahihisha kidogo halafu akasema bila kuinua macho, "wametobolewa wapi hao wafanyakazi wa Lumon?" Kwa kichwa. Mmoja anabaki ndani na mwingine anaenda nje. Sasa swali ni nani amebebeshwa dhambi ya nani, juu Mark wa Nje alijipeleka pale kwa sababu bibi yake alikufa na hakutaka kuhisi hayo machungu masaa 8 kwa siku, kwa hivyo akaweka mikono juu ya kichwa chake mwenyewe akamsukuma yule wa Ndani jangwani. Wueh. Fundi akamuuliza kwa heshima, madam utaonyesha wapi kwa skrini? Akasema rudisha lifti.

Na hiyo lifti wacha niwaambie, juu hii ndiyo kitu Fundi anafanya hakuna mtu mwingine atakufanyia kwa mia. Akaturudishia ile sekunde moja mara 4. Mark anaingia, mlango unafunga, inalia ting, na uso wake unabadilika, lakini ukiangalia vizuri uso unabaki palepale saizi ileile ila ukuta wa nyuma yake unajivuta kama unanyonywa. Siku zote nilidhani ni kompyuta. Fundi akasema hapana, akatoa kistuli chake cha magurudumu anachokaliaga akifanya kazi, akaweka simu juu imewashwa kamera, akaelekeza kwa Omwami, akawa anasukuma kistuli karibu huku anapunguza zumu kwa kidole. Ukienda mbele lenzi inarudi nyuma, ukirudi nyuma lenzi inavuta. Tukapitisha ile simu benchi kwa benchi. Omwami uso wake umetulia kwa katikati na dirisha nyuma yake linakimbia. Yaani mtu hajasonga, ni dunia imebadilishwa nyuma yake. Madam akasema, hapo ndio mikono inawekwa. Hakuna aliyesema ya nyumbani.

Nilikuwa nasahau mse wa shuka. Huyu alikuwa mgeni, kijana hivi wa chuo, mara yake ya kwanza, na akataka kufuata sheria vizuri. Akamwambia Fundi asimamishe kwa mbuzi mmoja mweupe karibu na mguu wa yule jamaa, akachukua ufagio, akaonyesha mstari mwembamba unapita kwa shingo ya mbuzi. "Wameweka alama ya kisu. Ni ishara. Huyu atakatwa shingo." Alikuwa serious kabisa, na mstari kweli ulikuwa pale, kila mtu aliuona. Ni mshono wa shuka, ndugu yangu. Watu walicheka hadi chai ikamwagika, kuna mama alianguka kutoka kwa benchi, na kijana wa watu amesimama na ufagio hajui kama arudi ama atoroke. Fundi akasogeza projekta kidogo, mstari ukahamia kwa tai. Jina limekaa, hata sasa akiingia ni "karibu mse wa shuka". Mkumbuke huyu.

Usiku huo ndio wakawekeana dau. Omwami anasema kafara, Sista maabara, madam Azazeli, na atakayethibitika mwisho wa seriesi wale wengine wawili wanamnunulia mguu wa mbuzi wa kuchoma. Fundi akaandika kwa chaki nyuma ya mlango na hakuna mtu amefuta mpaka leo.

Sio kila episodi inakuwanga na moto hivyo. Zile mbili tatu za katikati ni za kuketi tu, na kuna Jumamosi nzima iliisha kwa watu kubishana kama Milchick anaweza kucheza hivyo kwa harusi (Tramell Tillman ndiye anaigiza, alishinda Emmy 2025, na Britt Lower wa Helly akashinda yake, siku hiyo Fundi aliongeza mandazi bure). Lakini kuna ile ya zile idara mbili zinazoogopana bila kuwahi kukutana, hawa wameambiwa wale wako na mfuko tumboni kama kangaruu na ndani kuna kiumbe kitakurukia, na kuna picha mbili za ukutani, kwa moja hawa wanachinja wale na kwa nyingine wale wanachinja hawa, picha ni ileile imegeuzwa tu. Hapo hatukuhitaji mtaalamu. Mtu mmoja alisimama akasema hiyo ni Mashemeji dabi, ile mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, upande mmoja wa chumba ukaimba Gor, mwingine ukaanza Ingwe, na mjadala ukafia hapo. Ilikuwa raha lakini kama ulikuwa umelipa mia kusikia nadharia, hiyo siku ulipoteza.

Kijana wa M-Pesa naye huwa ananifurahisha. Kwa Lumon kazi yao ni kuangalia namba kwa skrini mpaka kuna namba fulani zinaanza kuwatisha, bila sababu, halafu wanazikusanya wanatupa kwa kisanduku. Watu wengi huwa wanasema hiyo haina maana. Yeye akasema nyinyi hamjawahi kufunga hesabu saa mbili usiku na floti imekataa kulingana, kuna namba huwa inakuangalia. Akaelezea hadi jasho lilivyo. Hakutumia ufagio na tulimpea tu.

Sasa malalamiko, na ni mengi.

Mabenchi ni ya kanisa, hayana mahali pa kuegemea, ukifika saa moja unusu mgongo unakukumbusha umri. Beba mto. Mbu wako na wengi. Chai inaanzia mbele, kwa hivyo ukikaa benchi la 5 na kurudi nyuma unapata chai imepoa ama unaambiwa ngoja inachemshwa na haichemshwi, na nimeshamwambia Fundi mara 2 kwamba mia ni mia hata nyuma. Choo ni chini, ufunguo ni wa mlinzi, na mlinzi hupenda kutembea. Maandishi ya chini ni ya Kizungu peke yake na madogo, na Omwami hawezi kuyasoma kwa hivyo kuna mtu humsomea kwa sikio, ukikaa karibu unasikia episodi mara mbili. Spika moja inakwaruza kwa sauti nzito, inashangaza kwa nyumba ya mtu anayetengeneza wufa, lakini mganga hajigangi. Na wakati wa mvua usiende ukitarajia kusikia kitu, mabati yanameza kila neno.

Mvua inaleta pia kumbikumbi. Kuna Jumamosi mvua iliisha saa kumi na moja, tukafungua madirisha juu ya joto, kumbe ule mwanga wa projekta unawaita, wakaingia kama wamelipa kiingilio. Korido za Lumon zikajaa vivuli vyenye mabawa, vikubwa kama kuku, vinapita juu ya uso wa Patricia Arquette, yule anaigiza bosi wao. Mtu akauliza kama hiyo ni ya episodi. Fundi akazima, watu wakatoa vikombe wakaanza kuokota, kuna mama alienda nyumbani na nusu kikombe. Dakika 20 zimeisha hivyo na hakuna mtu alirudishiwa pesa, na kusema kweli hakuna aliyeitisha.

Kama hujamaliza msimu wa pili sasa ruka mpaka mwisho, sitaki kununua soda tena.

Siku ya episodi ya mwisho, hiyo inaitwa Cold Harbor, tulikuwa kama watu 60 kwa chumba cha watu 40. Benchi la mbele Omwami na Sista na daftari, madam wa CRE bila karatasi safari hii. Msimu wa pili ulikuwa umeshatuonyesha idara nzima ya mbuzi, ndani ya jengo, na kilima cha nyasi za kweli chini ya dari, na Omwami aliponyoosha kidole tu kwa zile nyasi chumba kilimpigia makofi juu ya lile zulia lake. Lakini kafara bado haikuwa imeonekana. Halafu yule mama wa mbuzi, Gwendoline Christie, mrefu hivyo, anaingia na mbuzi mmoja, na Drummond, mkubwa mmoja wa Lumon, anamuuliza maswali kuhusu huyo mnyama kama anamkagua, kumbe anatakiwa kuuawa azikwe pamoja na mwanamke ili roho yake imwongoze hadi kwa yule mwanzilishi wao Kier. Omwami alivua kofia. Hakusema kitu.

Stima ikaenda.

Nawaambia ukweli, bunduki ya kuchinjia ilikuwa imeelekezwa kwa kichwa cha mbuzi na stima ikaenda. Watu 60 gizani. Nilidhani kutakuwa na fujo, badala yake mtu akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwa shuka tupu, na wakaanza kubishana na shuka nyeupe kama bado ina picha, atachinjwa, hatachinjwa, yule mama hawezi, unaona mikono yake ilivyokuwa, onyesha, nitaonyesha nini na stima hakuna! Dakika 40. Hizo ndizo dakika bora nimekaa pale, na hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Iliporudi tukaona: mama anasita. Mark anatokea, wanapigana na Drummond, mbuzi anaponea. Halafu kwa lifti, Mark amemshika Drummond na ile bunduki, lifti inashuka, ting, wa Ndani anazima wa Nje anaamka, kidole kinashtuka, na Drummond anapigwa ya shingo. Ya shingo! Kutoka nyuma kabisa nikasikia sauti, "SI NILISEMA SHINGO?" Mse wa shuka amepanda juu ya benchi. Lifti ni nyingine, lakini kubadilika ni kulekule kwa lifti ya madam.

Kijana wa M-Pesa ndiye tu hakushangilia. Juu ilisemwa pia kwa hiyo episodi zile namba zilikuwa nini, kwamba Mark alikuwa anamtengeneza bibi yake bila kujua, kumbe hakufa, Lumon wamemfungia, kila faili anamaliza ni mtu mwingine mpya amewekwa kwa kichwa cha huyo mama kule chini. Alikaa ameshika kikombe muda mrefu. Akasema tu, "na alikuwa anapewa zawadi akimaliza."

Sasa dau. Omwami anasema ameshinda, kafara ilikuwa kafara, na yule mama wa mbuzi mwenyewe anauliza atatoa wangapi tena, maana yake wengine walishaenda. Madam anasema huyu hakuchinjwa, huyu ni yule wa pili, ameachiliwa aende, na zaidi ya hapo ni Abrahamu kinyume, kule kondoo alikufa badala ya mtoto na hapa mtu amekufa badala ya mbuzi. Sista amefungua daftari, anasema kule chini mlikoonyeshwa bibi ya Mark anapelekwa chumba hadi chumba akipimwa ni nini kama si maabara, mimi nilikosea mnyama tu, sikukosea kazi. Na mse wa shuka anadai kipande chake ingawa hakuweka hata shilingi.

Mguu wa mbuzi haujanunuliwa. Fundi amesema kesi inasikizwa Jumamosi hii saa kumi na mbili, kila mmoja aje na dakika zake zimeandikwa, na kiingilio kimebaki 100. Nampa nyota 4, ya 5 iko kwa chai ya benchi la nyuma.